Porti ya kifuani kwa mtoto mdogo: tumekaa nayo miaka miwili na miezi mitano, haya ndo niliyoyaona

Wiki mbili zilizopita mwanangu katolewa porti yake, kile kidude kinachofukiwa chini ya ngozi ya kifua cha kupitishia dawa kwenye mshipa, na kabla sijasahau nataka niandike kila kitu, maana siku ile naambiwa "mama tunataka kumuwekea mtoto laini ya kudumu" nilihangaika usiku mzima kutafuta mzazi yeyote aliyeelezea kwa Kiswahili, sikupata, nikasaini karatasi mkono unatetemeka hata sijui nasaini nini. Kwa hiyo hii ni rivyu ya porti yenyewe, na ya huduma ya kuwekewa kule Chennai, India, na ya kuitunza huku nyumbani, na niseme mapema kabisa hizo tatu hazipati alama sawa.

Mwanangu alikua na miaka mitatu na miezi miwili alipokutwa na leukimia, saratani ya damu, aina ile inayoitwa ALL, ndo saratani inayowapata watoto kuliko zingine zote. Matibabu yake sio ya wiki wala mwezi, ni miaka miwili kwenda mitatu, na karibu kila kitu kinapita kwenye mshipa, dawa, damu, pleitileti (chembe za kugandisha damu), antibayotiki, alafu bado wanachukua damu ya vipimo kila siku mbili tatu. Sasa mshipa wa mtoto wa miaka mitatu ni kama uzi, na akianza zile steroidi anavimba mikono na mashavu mshipa unazama kabisa huuoni. Wiki mbili za mwanzo tulikua tunatumia kanula tu, kile kimrija cha plastiki kinachochomekwa mkononi. Kuna siku nilihesabu, alichomwa mara saba mpaka ikapatikana moja, nyuma ya mguu, na ile moja haikumaliza hata siku. Akawa akisikia magurudumu ya toroli ya nesi anaingiza mikono yote miwili ndani ya kanga yangu anaibana kwapani. Hajaguswa bado, ni sauti tu ya toroli.

Alafu siku moja kanula ikahama kwenye mshipa hatukujua, dripu ikawa inaingia kwenye nyama, mkono ukavimba mpaka ngozi inang'aa. Ilikua maji tu ya dripu, ikapona kwa siku mbili. Lakini daktari alinivuta pembeni akaniambia mama leo ilikua maji, ingekua vinkristini ingemuunguza nyama. Hiyo vinkristini ndo dawa ya saratani atakayopigwa kwa zaidi ya miaka miwili, na ikivuja nje ya mshipa inaweza kuacha kidonda kibaya sana. Hapo ndo nikaelewa laini ya kudumu sio anasa ya hospitali za bei mbaya.

Ukoo ulichanga, msikiti ulichanga, tukaenda Chennai. Hiyo ni stori ndefu siiingii.

Kule wakaanza na PICC, mrija mwembamba unaoingilia mkononi juu ya kiwiko unatambaa ndani ya mshipa mpaka karibu na moyo. Ilituvusha wiki tatu za mwanzo wakati kinga yake iko chini na hawataki kumpasua. Sina mengi, ilifanya kazi, ila mtoto huwezi kumuogesha vizuri, mkono unaufunga mfuko wa plastiki, na ye kila saa anaikwangua ile plasta. Kwa wiki chache sawa, kwa miaka miwili nisingeweza.

Ndo wakaniwekea mezani chaguzi mbili, Hickman au porti. Naeleza kama nilivyoelezwa maana hapa ndo wazazi wengi tunachanganyikiwa.

Hickman ni mrija wa silikoni unaotoka nje ya kifua, unauona unaning'inia, una mdomo mmoja au miwili wa kuunganishia dripu. Umepitishwa chini ya ngozi kwanza kabla ya kuingia kwenye mshipa wa shingoni, na kwenye hiyo njia ya chini ya ngozi una kipete cha kitambaa ambacho nyama inakikumbatia ikiota, kinaushika usichomoke na kinazuia wadudu kutambaa kuingia ndani. Uzuri wake mkubwa ni hamna sindano kabisa, dawa inaingia mtoto hata hajui. Ubaya wake ni uko nje. Hauruhusiwi kuloana, kwa hiyo habari za bahari na beseni usahau, bandeji inabadilishwa kila wiki, mrija unasafishwa mara kwa mara hata kama hautumiki, na mtoto mdogo anaweza kuuvuta. Chumba cha jirani kulikua na dada mmoja wa Kizanzibari anaishi Maskati, binti yake wa miaka mitano anajiandaa kupandikizwa uboho, ye alikua na Hickman ya midomo miwili, na kwa kazi ile kweli ndo inafaa maana dawa, damu na lishe vinaingia kwa pamoja siku nyingi mfululizo. Yule dada alimshonea mwanawe vifulana vyenye mfuko mdogo kwa ndani wa kulaza mrija. Na kitandani kwao kulikua kumening'inizwa koleo mbili za kubania, muda wote, wakienda chooni zinaenda, maana mrija ukikatika unabana hapo hapo upande wa mwilini kabla ya pale palipokatika, usipobana damu inatoka au hewa inaingia. Nilimuheshimu sana yule dada.

Porti yenyewe yote iko ndani. Ni kidude kama kifungo kinene cha koti, cha titaniamu au plastiki ngumu, juu kina kifuniko cha silikoni, kimeunganishwa na mrija unaoingia mshipa wa shingoni na ncha yake inaishia pale mshipa mkuu wa juu unapomwaga kwenye moyo. Kwa nini pale? Kwa sababu damu pale ni nyingi na inakwenda kasi, dawa kali inachanganyika mara moja haipati muda wa kuunguza ukuta wa mshipa. Nje unaona kauvimbe tu chini ya ngozi. Ikihitajika wanachoma sindano maalum, inaitwa Huber, kupitia ngozi mpaka kwenye kile kifuniko. Isipotumika haitaki bandeji, mtoto anaoga, anaogelea, anacheza, na wanaisafisha mara moja kwa wiki nne.

Usiku wodini nilikua nasoma sana kwa simu, na kitu kilichonigusa ni kwamba hizi laini za nje zilianzia kwa mji mmoja, Seattle kule Marekani, daktari Broviac mwaka 1973, alafu Hickman akaipanua mwaka 1979, na Hickman mwenyewe alikua daktari wa figo za watoto. Hata ile sindano, Huber alikua daktari wa meno huko huko Seattle. Ncha yake imepindwa kidogo ili itoboe silikoni bila kuing'oa kipande, ndo maana kifuniko kinaweza kuchomwa mara elfu moja na zaidi na bado kikajifunga. Sindano ya kawaida inakwangua kipande na kukitoa, na tundu halizibi. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Tukachagua porti.

Upasuaji wenyewe nawapa nyota tano na sina hata moja ya kupunguza, au ngoja, nitapunguza nusu nitasema kwa nini. Siku moja kabla walipima damu, pleitileti zilikua 38,000 na wao wanataka zizidi 50,000 ndo wakate, wakamuongezea. Chakula mwisho masaa sita kabla, maji meupe mwisho masaa mawili kabla. Daktari wa upasuaji wa watoto alikuja kitandani akachora kwenye karatasi, hapa shingoni tundu dogo, hapa kifuani nakata sentimita tatu hivi, mrija unapita chini ya ngozi kutoka hapa mpaka hapa, upande wa kulia maana njia ya kwenda moyoni imenyooka zaidi. Akaniambia na hatari zake bila kuzipaka sukari, pafu linaweza kutobolewa, damu inaweza kuvuja, wadudu wanaweza kuingia, na kwamba mshipa anautafuta kwa ultrasaundi hapapasi kwa kubahatisha, na ncha anaiangalia kwa eksirei pale pale mezani. Niliuliza maswali kumi na mbili nimeyaandika kwenye daftari, akayajibu yote kasimama.

Waliniruhusu kuingia mpaka mlangoni mwa nusu kaputi, nikamshika mkono mpaka alipolegea. Upasuaji ulichukua lisaa limoja na dakika kumi. Alitoka na Huber imeshachomekwa na kufunikwa ile plasta ya kuonea ndani, kwa sababu dawa inaanza kesho yake, hivyo hakuchomwa tena. Eksirei nyingine ya kifua kuhakikisha pafu liko salama. Parasetamo siku mbili ikatosha.

Ile nusu nyota ninayopunguza ni kwamba hakuna aliyenionya kuhusu shingo. Siku tatu aligoma kugeuza kichwa, kakilaza upande kama ndege, nikaamini wamemkata mshipa wa fahamu. Kumbe ni maumivu ya pale walipopita na woga, ikaisha yenyewe. Sentensi moja tu ingeniokoa usiku tatu za kulia.

Manesi wa pale wengi walikua wametoka Kerala, na mafunzo waliyonipa ndo yaliyomuweka mwanangu salama mpaka leo, nasema kutoka moyoni. Hawakunipa kipeperushi wakaondoka. Sista mmoja mtu mzima alinisimamisha kila siku kwa siku tisa naangalia mikono yake, alafu ananiuliza ningekosea wapi. Mikono inaoshwa kwanza, glovu safi, barakoa kwangu na kwa mtoto, ngozi inasuguliwa na klorheksidini (dawa ya kuua wadudu) yenye spiriti alafu INAACHWA IKAUKE yenyewe, usipulize, usipepee. Kila mdomo wa mrija unasuguliwa sekunde kumi na tano kabla ya kuunganisha chochote, kila mara, hata kama uligusa dakika moja iliyopita. Nilikua nahesabu kwa sauti kwa Kiswahili mpaka wao wakajua moja mbili tatu. Bomba la sindano lisiwe dogo kuliko la mililita 10, kwa sababu bomba dogo linasukuma kwa presha kubwa zaidi linaweza kupasua mrija. Salaini, yale maji ya chumvi ya kusafishia mrija, inasukumwa kidogo kidogo kwa kushtua, sio kwa mkondo mmoja. Na kabla ya dawa yoyote, damu lazima irudi ukivuta. Isiporudi, dawa haiingii. Hata kama foleni ni ndefu, hata kama nesi kakasirika.

(Kidogo nje ya mada, uji wa ulezi mkifika Chennai msihangaike kubeba unga, wenyewe wanauita ragi na wanaunywa kila siku, ndo kitu pekee mwanangu alikubali kumeza ile wiki ya vidonda vya mdomoni.)

Maisha na porti sasa. Kuna krimu ya ganzi unaipaka juu ya uvimbe lisaa limoja kabla ya kuchomwa na kuifunika. Mara ya kwanza na ya pili alilia. Ya tatu alilia kidogo. Kufika mwezi wa nne alikua anafungua vifungo vya shati mwenyewe, anasema "choma kwenye kifungo changu", na mkono hauguswi tena. Toroli ikipita hageuki hata kuiangalia. Kama kuna mzazi anauliza faida ya porti, mi nampa hiyo moja, nyingine zote zinakuja baadae. Aliogelea Raskazone mkoani kwetu Tanga na porti yake iko ndani, sindano ikiwa haijachomekwa na kidonda kimeshapona hakuna shida.

Tulivyorudi nyumbani kwa awamu ya matengenezo, ile ya mwisho ya kuzuia saratani isirudi, vidonge kila siku na vinkristini mara moja kwa mwezi, ratiba ililingana vizuri na ile ya kusafisha porti, kwa hiyo kila wiki nne tunapanda basi kwenda Dar, kituo kinachojua porti, tunamaliza yote siku moja. Hao nao nawapa nyota tano.

Shida ni hapo katikati, kati ya wiki nne na wiki nne. Sheria ya mtoto mwenye laini na kemo (dawa za saratani) ni kwamba joto likifika 38 humpi dawa ya homa ukasubiri asubuhi, unakimbia hospitali, maana wadudu wakiwa kwenye laini wako mlangoni mwa moyo. Ikatokea saa nane usiku, 38.4, tukakimbia hospitali ya karibu, siitaji. Nesi akaugusa ule uvimbe akauliza mama hili ni jipu? Nikaeleza, nikatoa kadi ya porti niliyopewa Chennai. Akawa muungwana akasema basi tutumie hiyo hiyo mshipa hauonekani, akachukua sindano ya kawaida ya kijani. Nilisimama mbele ya mwanangu. Nilimwambia dada yangu nakuomba kwa heshima zote, sio hiyo, hii inataka Huber na ninazo kwenye begi, lakini kama hujawahi kuifanya usiijaribu leo, mtafutie mshipa wa mkono tumpe antibayotiki ya kwanza haraka tutajua kesho. Alinuna, lakini alifanya. Simlaumu ye kama mtu, hakuna aliyewahi kumuonesha. Naulaumu mpango wa kumrudisha mtoto nyumbani na kifaa ambacho mkoa mzima sikumpata hata mtu mmoja anayekijua.

Na wadudu kweli walikuepo. Kilichotujulisha ni kwamba tulipofika Dar wakasukuma salaini kwenye porti, kama nusu saa baadae mtoto akaanza kutetemeka meno yanagongana, homa ikapanda. Mkiona hivyo, mtoto anatetemeka baada ya laini kusafishwa, msisubiri, mwambieni daktari kwa maneno hayo hayo. Walichukua damu ya kuotesha kutoka kwenye porti na nyingine kutoka mkononi, wakaota bakteria wa ngozi, wale wanaokaa kwenye ngozi ya kila mtu. Siku kumi na nne za antibayotiki ya vankomaisini kupitia porti yenyewe na wakafanikiwa kuiokoa. Kwa wadudu wengine laini huwa haiokoleki, hasa fangasi, inatolewa tu. Nilijiuliza sana nani aligusa bila kusugua sekunde kumi na tano. Sitajua.

Mara moja pia damu iligoma kurudi. Wakamgeuza upande, wakamwambia ainue mikono, akohoe, haikurudi, wakaweka dawa ya kuyeyusha bonge la damu wakasubiri ikafunguka. Siku hiyo tulirudi kwenye basi usiku sana lakini nilishukuru hawakulazimisha.

Gharama sitataja kwa sababu kila mtu na hospitali yake, ila ulizeni bei ya Huber kabla, sio bei ya upasuaji peke yake. Nilibeba sindano 40 kutoka Chennai kwa sababu huku nilikuta bei zaidi ya mara mbili na mara nyingine hazipo kabisa. Ulizeni urefu na geji (unene wa sindano) inayomfaa mtoto wenu muandike, mtoto mwembamba akichomwa ndefu inayumba, mnene akichomwa fupi haifiki. Na kadi ya porti laminisheni mbili, moja ikae kwenye begi la mtoto.

Alama zangu: porti kama kifaa nyota nne na nusu. Kuwekewa, nne na nusu. Kutunzwa kwenye kituo cha Dar, tano. Kutunzwa karibu na nyumbani, moja, na hiyo moja ni ya yule nesi aliyekubali kuweka sindano ya kijani chini. Ningekua nachagua upya ningechagua porti tena, na ningeiomba mapema, kabla hatujaimaliza mishipa yake ya mikono, lakini kabla ya kusaini ningeuliza swali ambalo sikuliuliza kati ya yale kumi na mbili: ninapoishi nani ataigusa, anaitwa nani, simu yake ipi, na usiku yupo? Kama jibu ni hakuna, na mtoto ataishi mbali na hospitali, kaeni na daktari mlizungumze hilo kwa urefu kuliko mtakavyozungumza upasuaji.

Kutolewa ilikua dakika thelathini, nusu kaputi fupi, kovu lile lile. Aliomba kifungo chake, wakakiosha wakampa kwenye kikopo.

Nimebakiwa na Huber sita, geji 22, pakiti hazijafunguliwa na hazijaisha muda. Nimezipeleka kwa sista wa wodi ya watoto pale Dar, zimeandikwa ni za mtoto yeyote atakayefika na porti kutoka mikoani bila sindano.